Faraja ya Pendo la Mungu katika Nyimbo za Kanisa

Somo la mwezi huu lahusu jambo ambalo kila usharika hulitenda, lakini si watu wote walifikirio maana yake, yaani kuimba mbele ya Mungu wakati wa huzuni. Twaimba ibadani siku ya Jumapili, twaimba shambani, tena twaimba usiku kucha katika nyumba ya msiba. Je, wimbo wamfariji mfiwa kweli, au wayafunika machozi yake tu mpaka kupambazuke? Na kama wamfariji, nguvu hiyo yatoka wapi? Twataka kuyachunguza maswali haya kwa utaratibu, tukiwakumbuka hasa ndugu zetu wa Mbinga na wa pwani ya ziwa Nyasa, maana huko ziwa lenyewe huwauliza watu maswali haya mara kwa mara.

1. Watu wa mlima na watu wa maji

Mtu atokaye Mbinga kwenda ziwani hushuka kutoka milima ya Wamatengo, penye mashamba ya kahawa na mashimo ya ngoro, mpaka Mbamba Bay. Akiifuata pwani kuelekea kaskazini atafika Liuli, na mbele yake Lituhi. Pwani hiyo ilikuwa sehemu ya wilaya ya Mbinga, na sasa ina wilaya yake, ndiyo Nyasa. Ziwa ni zuri kwa macho, lakini ni refu sana kwenda chini, mpaka kadiri ya mita 700. Wakati wa baridi upepo wa kusini uitwao mwera huvuma kwa nguvu, na mawimbi yake ni kama ya bahari. Wavuvi wa usipa hutoka na taa zao usiku usio na mwezi, na asubuhi wake zao husimama mchangani wakihesabu vyombo vinavyorudi. Siku nyingi hesabu hutimia. Siku nyingine haitimii.

Habari za misiba ya ziwa hilo ni za zamani. Mwaka 1895 Chauncy Maples, askofu wa misheni ya Waanglikana, alikuwa akirudi Likoma kuianza kazi yake ya uaskofu, chombo chake kikapinduka katika dhoruba, naye akafa maji. Tarehe 30 Julai 1946 meli iitwayo Vipya ilizama upande wa Nyasaland, na watu 145 walikufa. Meli ile ilikuwa mpya, watu wakaisifu. Hata hivyo haikuyashinda mawimbi. Misiba hii iliandikwa vitabuni. Misiba ya mtumbwi mmoja na mtu mmoja haikuandikwa, ila mioyoni mwa jamaa zake.

Sisi Walutheri si wengi katika nchi hiyo kama ndugu zetu Wakatoliki na Waanglikana. Wamisionari wa Berlin walifika upande wa kaskazini wa ziwa mwaka 1891, na huko ndiko nyimbo zetu zilikoanza kusikiwa karibu na maji hayo. Lakini katika nyumba ya msiba watu hawaulizani habari za madhehebu. Jirani huja, hukaa chini, na mmoja akianza wimbo wote huupokea. Kwa hiyo somo hili ni letu sote.

2. Pendo la Mungu si maono ya moyo wetu

Mwanzo wa faraja ni kujua vema pendo la Mungu ni nini. Watu wengi hudhani kwamba kufarijiwa ni kusikia raha moyoni. Wakiwa na raha husema, Mungu anipenda. Raha ikitoweka husema, Mungu ameniacha. Maandiko hayafundishi hivyo. Mtume Yohana katika waraka wake wa kwanza (1 Yohana 4:10) aonyesha kwamba pendo halikuanza kwetu sisi kumpenda Mungu, bali lilianza kwake yeye, akamtuma Mwana wake kwa ajili ya dhambi zetu. Basi pendo hilo ni tendo lililokwisha kutendeka. Lilitendeka msalabani, nje ya mji wa Yerusalemu, kabla sisi hatujazaliwa. Huzuni yetu haiwezi kulitangua, kama vile wingu lisivyoweza kulizima jua.

Paulo naye, katika Warumi 8:35-39, ataja dhiki, njaa, hatari, mauti na vilindi, wala hasemi kwamba Mkristo hatapatwa nayo. Asema kwamba hayo yote hayawezi kututenga na pendo la Mungu lililo katika Kristo Yesu. Mtu wa pwani ya Nyasa na aliangalie lile neno la vilindi. Yule aliyezama na mwili wake usipatikane, hana kaburi ambalo mkewe aweza kulipalilia. Lakini hakutoka mkononi mwa Mungu. Maji yana kina kwetu sisi. Kwa Mungu hayana mahali pa kumficha mtu.

Sasa twaweza kuona kazi ya wimbo. Wimbo wa kanisa haukuwekwa ili uzalishe raha moyoni kwa nguvu ya sauti na ngoma. Umewekwa ili uyataje yale aliyoyatenda Mungu, uyataje mpaka mwenye huzuni ayasikie. Faraja iko katika neno linaloimbwa. Sauti ni kama mtumbwi, na neno ndilo mzigo. Mtumbwi mtupu hata ukipendeza hauwashibishi watu nyumbani.

3. Waliotunga nyimbo hizi walikuwa wafiwa

Mtu aliyefiwa aweza kusema, Walioandika nyimbo hizi hawakuyajua maumivu yangu. Ni vema walimu wetu wajue jinsi mambo yalivyokuwa.

Martin Luther alitoa nyimbo kwa watu ili Injili ikae vinywani mwao. Mwaka 1524 kilitoka kitabu kidogo cha nyimbo 8 tu, na 4 katika hizo zilikuwa zake. Miaka ikapita. Mwezi wa Septemba 1542 binti yake Magdalena, mwenye umri wa miaka 13, alikufa nyumbani mwake, na Luther alilia kama baba yeyote aliavyo. Mwaka huo huo kilitolewa kitabu cha nyimbo za maziko, na Luther ndiye aliyeandika dibaji yake. Katika dibaji hiyo alitaka maziko ya Wakristo yawe mahali pa kukiri tumaini la ufufuo, si mahali pa maombolezo ya kukata tamaa. Maneno hayo yaliandikwa na mtu aliyeujua uchungu wa jeneza la mtoto.

Philipp Nicolai alikuwa mchungaji wa mji wa Unna katika Ujerumani. Tauni ilipoingia mjini mwaka 1597, watu zaidi ya 1,300 walikufa, naye akaona maziko siku kwa siku. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1599 zilikuwamo nyimbo mbili ambazo makanisa yaziimba mpaka leo, na zote mbili zahusu furaha ya kukutana na Kristo, Bwana arusi. Paul Gerhardt, aliyezaliwa mwaka 1607 na kufariki mwaka 1676, alikua katika vita vilivyodumu miaka 30. Watoto wake wanne kati ya watano walikufa, kisha mkewe akafa mwaka 1668. Ametuachia nyimbo zaidi ya 130, na nyingi zafundisha kumtegemea Mungu katika taabu.

Wala wimbo haukubaki kuwa mgeni kutoka Ulaya. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, aliyekuwa mwanafunzi wa uchungaji huko Makumira, aliandika kwa Kiswahili wimbo wa Pasaka uitwao «Mfurahini, Haleluya». Wimbo huo ulivuka bahari, nao Wajerumani na Wamarekani wauimba kwa lugha zao. Huko huko Makumira mwalimu Howard Olson alikusanya sauti za nyimbo za makabila yetu, zikatiwa maneno ya Injili na kuchapwa katika kitabu «Tumshangilie Mungu». Ndipo ikaonekana kwamba mtu aweza kufarijiwa kwa sauti aliyoisikia tangu mgongoni mwa mama yake.

4. Jinsi wimbo ufanyavyo kazi katika moyo wenye huzuni

Wamatengo wana hekima katika kulima kwao. Hufyeka majani, huyalaza kwa mistari inayokatana, kisha huyafunika kwa udongo unaochimbwa katikati, hata mlima mzima hujaa mashimo. Mvua inyeshapo kwa nguvu, maji hayatelemki ovyo na kuuchukua udongo, bali hukaa mashimoni yakazama taratibu hata kwenye mizizi. Shamba lisilo na ngoro hupata mvua ile ile, lakini yote hupita.

Mahubiri ni mvua. Mtu huyasikia Jumapili, na ifikapo Jumatano mengi yamekwisha kutelemka. Lakini neno lililofungwa katika wimbo hukaa. Kwa sababu gani? Kwanza, mashairi na sauti hushikana, moja huliita jingine, hata asiyejua kusoma huweza kushika beti nyingi. Pili, wimbo hurudiwa. Tatu, wimbo hauhitaji taa wala miwani. William Percival Johnson, mmisionari wa Waanglikana, alitumika ziwani zaidi ya miaka 40, hali macho yake ni mabovu sana, akafariki mwaka 1928 na kuzikwa Liuli. Twamtaja ili kila mmoja ajiulize: kama macho yangu yangezimika leo, ningekuwa na neno gani la Mungu moyoni? Mvuvi naye katika mtumbwi usiku hana kitabu. Mgonjwa mwenye homa hawezi kusoma. Wimbo aliouhifadhi ndio akiba yake.

Tena kuna jambo la nne, nalo ni kubwa kuliko hayo. Wimbo wa kanisa huimbwa na wengi. Mfiwa mara nyingi hawezi kuimba. Koo lake limefungwa. Basi na asiimbe. Wenzake wamwimbia, nao waimani kwa niaba yake mpaka nguvu zimrudie. Katika Wakolosai 3:16 Paulo awaagiza Wakristo kufundishana na kuonyana kwa zaburi na nyimbo. Hakumwagiza kila mtu ajifundishe peke yake. Kesho yule aliyenyamaza leo atakuwa mwimbaji, na aliyeimba leo atakuwa mfiwa. Ndivyo mzigo unavyopokezanwa begani.

5. Machozi hayakukatazwa

Katika sharika nyingine twasikia watu wakimwambia mfiwa, Usilie, wewe ni Mkristo, imba. Neno hili huonekana kuwa la imani, lakini si la Maandiko. Bwana wetu alilia kaburini pa Lazaro (Yohana 11:35), hali akijua kwamba atamfufua. Katika kitabu cha Zaburi nyimbo za maombolezo ni nyingi sana. Zaburi ya 42 ni ya mtu ambaye machozi yamekuwa chakula chake, na mawimbi yamepita juu yake. Zaburi ya 88 yaanza kwa kilio na yaisha gizani, bila neno la furaha mwishoni. Hata hivyo Mungu ameiacha iwe ndani ya Kitabu chake, ili mtu asiyeweza kumsifu apate maneno ya kumlilia.

Kumlilia Mungu ni imani. Asiye na imani hulia peke yake. Mwenye imani hulia mbele ya mtu, naye ni Baba. Kwa hiyo wimbo wa maombolezo wafariji kwa njia yake. Wampa mfiwa ruhusa ya kusema kweli mbele za Mungu, na kumshika Mungu hata katika giza. Wale wanaolazimisha furaha siku ya kwanza ya msiba hufanana na mtu amwekaye mgonjwa shambani kabla homa haijamtoka. Ibada ya Kikristo ina mahali pa kilio na mahali pa shangwe. Paulo na Sila waliimba gerezani usiku (Matendo 16:25), lakini walikuwa na vidonda mgongoni, wala hawakuvikana. Bwana Yesu mwenyewe aliimba pamoja na wanafunzi wake, kisha akatoka kwenda mlima wa Mizeituni (Marko 14:26), na huko akahuzunika mpaka jasho. Wimbo haukumwondolea kikombe. Ulikwenda pamoja naye.

6. Wimbo na haki ya mjane

Hapa hatuna budi kusema neno zito. Mungu aliwaambia Israeli kwa kinywa cha nabii Amosi (Amosi 5:21-24) kwamba hataki kelele za nyimbo zao, maana haki ilikuwa imekosekana kati yao. Neno hilo lagusa nyumba zetu za misiba kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni shaka. Mtu akifa maji, au kijana akifa ghafula, baadhi ya watu hawaulizi upepo ulikuwaje, wala mtumbwi ulikuwa na hali gani. Huuliza, Ni nani aliyemfanyia hivi? Mwanzoni mwa miaka ya 1930 dawa ya mchape ilienea Nyasaland, ikavuka ikafika kusini mwa Tanganyika. Watu wakainywa ili wachawi wajulikane, na vijiji vingi vikajaa hofu. Dawa ile imepita, lakini swali lile halijapita. Sasa mtu aimbaye usiku kwamba Mungu ni pendo, na asubuhi amnyoshea kidole bibi kizee wa jirani, je, ameimba nini? Kama mauti yenyewe hayawezi kututenga na pendo la Mungu, hatuna haja ya kumtafuta wa kumlipiza. Wimbo ukiaminiwa huufungua mkono uliokunja ngumi.

Njia ya pili ni mali. Mvuvi akifa, huacha nyavu, mtumbwi, taa, pengine shamba la kahawa mlimani. Watu huimba pamoja na mjane siku za matanga, kisha siku ya kuondoa matanga baadhi ya jamaa huchukua nyavu na mtumbwi, na mjane hubaki na watoto wenye njaa. Yakobo asema wazi (Yakobo 2:15-16) kwamba maneno mema bila chakula na nguo hayamfai mhitaji. Twasema na nyimbo njema ni vivyo hivyo. Pendo la Mungu lililoimbwa usiku halina budi lionekane mchana katika nyavu zilizoachwa mlangoni pa mjane, katika ada ya shule ya mtoto wake, katika jembe la jirani shambani mwake. Mjane akiyaona hayo atajua kwamba wimbo ule ulikuwa kweli. Asipoyaona, hata wimbo mzuri utakuwa uchungu masikioni mwake kila atakapousikia.

7. Maneno kwa walimu na wazee wa sharika

Twapenda kutoa mashauri machache kwa wale wanaoongoza nyimbo katika msiba.

Kwanza, chagueni nyimbo kwa kumwangalia mfiwa, si kwa kuangalia sifa ya kwaya. Usiku wa kwanza nyimbo za kumlilia Mungu na za msalaba zafaa. Siku ya maziko na baadaye, nyimbo za ufufuo. Kwaya mbili zikishindana katika nyumba ya msiba, mfiwa hubaki peke yake katikati ya kelele.

Pili, somesheni maneno kabla ya kuimba. Soma beti moja, eleza kwa maneno mawili ni tendo gani la Mungu linalotajwa humo, ndipo waimbe.

Tatu, acheni kimya kiwepo. Kati ya nyimbo someni Zaburi, ombeni kwa maneno machache, kisha nyamazeni kidogo. Rafiki za Ayubu walifanya vema siku zile 7 walipokaa naye chini bila kusema.

Nne, wafundisheni watoto nyimbo kumi kwa moyo kabla hawajabarikiwa, na moja iwe ya mauti na ufufuo. Akiba huwekwa wakati wa mavuno, haiwekwi wakati wa njaa.

Tano, rudini. Baada ya siku 40 nyumba ya msiba hunyamaza, na wageni wote wamekwisha kwenda zao. Siku hiyo watu watatu wakija jioni na kuimba wimbo mmoja kwa sauti ya chini, watafanya kazi kubwa kuliko watu mia wa siku ya kwanza.

Maswali ya kujifunza pamoja

1. Someni Zaburi 107:23-30 na Marko 4:35-41. Watu walio majini wamlilia Mungu kwa namna gani, naye awajibuje?
2. Pendo la Mungu na raha ya moyo hutofautiana wapi? Toeni mfano katika nyimbo mnazozijua.
3. Someni Zaburi 88. Je, usharika wenu una wimbo wa kumlilia Mungu? Kama hauna, ni nani kwenu awezaye kutunga mmoja kwa sauti ya kwenu?
4. Ni mjane gani au yatima gani katika usharika wenu aliyeimbiwa mwaka huu? Hali yake ya leo ni nini?

Swali la nne lisijibiwe kwa kinywa tu. Mkiisha kulijibu, inukeni mwende nyumbani kwake, mkaone kama nyavu zipo, kama paa halivuji, kama watoto wamekula. Kisha mwimbieni wimbo mmoja, naye akiweza ataimba pamoja nanyi. Bwana, ambaye upepo na ziwa humtii, awafariji wote wanaongoja mchangani, na awape kuujua upana na kina cha pendo lake. Amina.